Ufunguo Aliobaki Nao

Mvua ilipoanza kupiga mabati ya mtaa wa Soweto, Mbeya, kila aliyekuwa barabarani alikimbilia duka la vifaa vya shule la mama Indira, na duka lenyewe halikuwa kubwa. Waliingia wanafunzi wenye sare zilizolowa, mama mmoja na beseni lake la parachichi, na dereva wa bajaji aliyejifanya anatafuta kalamu. Katikati yao akapenya msichana aliyevaa sketi ya kitenge cha kijani na sweta jeupe la mikono mirefu, amekumbatia bahasha kifuani kama mtu aliyebeba kichanga.

"Kaka, mnatoa kopi?"

"Tunatoa. Ngapi?"

"Arobaini. Ila..." Alitoa karatasi iliyolowa, wino wa bluu umetapakaa. "Utaweza kuisoma hii?"

Vishal, mtoto wa pekee wa mama Indira, aliipokea akaiinua kwenye taa. Alikuwa kijana mwembamba, ndevu zimechongwa kwa uangalifu, koti la jinzi limepauka mabegani. Aliona herufi, nukta, vistari na mikwaju iliyopangwa mistari minne minne.

"Dada, hii ni siri ya jeshi?"

"Ni nota za kwaya. Do, re, mi. Hujawahi kuziona?"

"Mimi ni Mhindu, dada. Sisi hekaluni tunaimba tu, hatuandikiani barua za namna hii."

Watu dukani wakacheka, na msichana naye akacheka ingawa alikuwa karibu kulia. Aliitwa Paskalina, mwalimu wa shule ya msingi kule Ipogolo, Iringa, na ndiye aliyefundisha kwaya ya parokia yao. Walikuja Mbeya kwa tamasha la kwaya. Wenzake walikuwa hosteli wanasubiri kopi.

"Tunaimba kesho asubuhi," alisema. "Bila hii karatasi kila mtu ataimba lake."

Vishal alikaa kwenye kompyuta akaanza kuziandika upya. Aliona haraka kwamba si kazi ya kawaida. Akisogeza herufi moja ya soprano, tenori na besi wanahama mstari. Alifuta, akaandika, akafuta. Mama Indira, sari ya bluu imezungushiwa shali la sufu kwa ajili ya baridi, alimwita mara tatu kutoka kwenye kaunta.

"Vishal! Wateja!"

"Nakuja, mama."

Hakwenda. Alisomea kompyuta chuoni, na kilichompa usingizi maishani ni kuuza madaftari. Kilichomwamsha ni tatizo kama hili.

"Hamna programu ya kuandikia nota hizi?"

"Zipo za kununua, na zinataka kompyuta ya maana. Sisi tunaandika kwa mkono."

Mvua ilikatika, watu wakatoka, na wao wawili bado wameinamia kioo kile. Alipomkabidhi kopi, zikiwa na makosa machache tu, alisema, "Nipe namba yako. Nikiitengeneza nikupigie."

"Ukitengeneza nini?"

"Hiyo programu."

Paskalina alimwangalia kwa jicho la pembeni. "We kaka, hivyo ndivyo mnavyoomba namba Mbeya?"

"Wengine wanaomba namba tu. Mimi nimejitafutia na kazi juu yake."

Akampa.

Vishal alipiga simu siku ya tatu. Hakusalimia.

"Mwalimu, hivi besi akishikilia sauti wakati wenzake wanaendelea, mnaandikaje?"

"Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza, halafu uniulize."

"Nikila nitasahau swali."

"Basi ukilisahau utanipigia tena kuniambia umelisahau. Kwani nimekataa kupigiwa?"

Hivyo ndivyo walivyopendana, swali moja baada ya jingine. Alimuuliza juu ya tenori, akajikuta anamuuliza analala saa ngapi. Alimuuliza alama ya kupumzika, akajikuta anamuuliza kama ana mtu. Baada ya miezi michache programu ilikuwa tayari, na Paskalina ndiye aliyeipa jina: Sauti Nne. Vishal aliiweka mtandaoni ikiwa huria. Anayetaka aichukue bure, aifungue aone ilivyoundwa ndani, airekebishe, amgawie mwenzake.

Walimu wa kwaya waliipokea kama mvua ya kwanza. Wakatoliki waliwapa Walutheri, Walutheri wakawapa Wamoraviani, ikafika Njombe, ikafika Sumbawanga. Likafunguliwa kundi la WhatsApp la watumiaji, na Paskalina ndiye aliyewajibu wageni wanaouliza maswali yale yale.

Jumamosi moja alipanda basi kwenda Mbeya, amevaa gauni la kitenge lililombana kiunoni na hereni ndogo za shaba alizoazima kwa dada yake. Vishal alimpeleka stoo, nyuma ya duka, kati ya maboksi ya madaftari, akamwekea kinasa sauti mbele ya mdomo.

"Imba do."

"Ya nini?"

"Wewe imba."

Aliimba do, akaimba re, akaenda mpaka juu akarudi chini. Vishal alitaka mwalimu akibonyeza nota kwenye programu aisikie ikiimbwa na mtu, siyo mlio wa mashine.

"Mbona usimchukue mwimbaji wa redio?"

"Mimi ndiye ninayekaa na hii programu kutwa. Nataka nimsikie nani?"

Paskalina alifunika uso kwa viganja. Wakati huohuo pazia la stoo likafunguka, mama Indira akachungulia.

"Nani huyu?"

"Mteja, mama," Vishal alisema upesi. "Mwalimu wa kwaya, kutoka Iringa."

"Shikamoo mama," Paskalina alisema.

"Marahaba." Mama Indira alishaugeuza uso wake kuelekea mlangoni, kulikuwa na watu kwenye kaunta.

Neno lile *mteja* Paskalina alirudi nalo Iringa kutwa nzima ya safari. Alipita Makambako nalo, alipita Mafinga kwenye ukungu nalo. Alijiambia ni hofu ya siku ya kwanza tu.

Lakini siku ya kwanza ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Vishal alikuja Ipogolo mara kwa mara, akakaa viti vya nyuma kanisani asijue lini asimame na lini apige magoti, kisha wakala kuku wa kuchoma karibu na barabara kuu, malori ya Tunduma yakipita. Siku moja simu yake ilipotea chini ya koti, Paskalina akaipigia ili waitafute. Ilipowaka juu ya benchi, aliliona jina alilohifadhiwa nalo: *Kwaya Iringa*.

"Kwaya Iringa ndiyo mimi?"

"Mama huwa anaishika simu yangu dukani."

"Na baba huishika yangu. Nimekuandika *Vishal wangu*."

Vishal aliirudisha simu mfukoni. "Baba yako alisemaje?"

"Alisema kama ni Mhindi, basi aje ale ugali nyumbani, tumwone. Mwaka wa pili huu anakusubiri."

"Paska, mpenzi, nipe muda kidogo. Hii programu inanimaliza. Nikiutua huu mzigo, kichwa kikitulia, namwambia mama. Naapa."

Na kweli ilikuwa inammaliza. Simu zilianza alfajiri. Mwalimu wa Tukuyu alilalamika tenori wamehama, wa Makete alidai kompyuta yake inaganda, mwingine alimwamsha kumwambia tu kwamba Mungu atambariki. Akiuza kalamu anajibu, akila anajibu. Macho yalimwingia ndani.

Paskalina ndiye aliyetoa wazo.

"Tukabidhi sisi."

"Nyie nani?"

"Watumiaji. Kuna Jailos, anafundisha kompyuta chuo kimoja hapa mjini, ameshakutumia marekebisho mangapi? Kuna mzee Aroni wa Kilolo, watu wote wanamheshimu. Tutachagua kamati. Wewe upumzike. Utabaki mwenzetu kama wengine."

"Mtaiharibu."

"Tukiiharibu tutaitengeneza. Au hiyo huria uliyoiandika pale mwanzo ilikuwa pambo?"

Alicheka, akamvuta ubavuni. "Mwalimu, ukianza kufundisha hunyamazi."

Walikutana Iringa mjini mwezi wa tisa, kwenye ukumbi uliopambwa na vitambaa vya kwaya tofauti tofauti. Vishal alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama mbele ya walimu akiwa na Paskalina kulia kwake. Aliwaeleza kwa maneno rahisi: kuna ghala la mtandaoni ambako programu nzima hukaa na kompyuta zote huchukua mabadiliko yake, na anayeshika ufunguo wa ghala hilo ndiye mwenye uwezo wa kuibadilisha. Aliwatajia funguo, akamwonyesha Jailos namna ya kuingia, akawaachia na jina lenyewe la Sauti Nne.

"Kuanzia leo siyo yangu," alisema. "Ni yenu. Mkitaka kubadilisha, kaeni mkubaliane."

Mzee Aroni, mwalimu wa kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri Kilolo, alinyanyuka taratibu, kofia mkononi.

"Kijana wetu, tunashukuru sana. Nina swali dogo tu, ili tusije tukagombana huko mbele. Umetoa vyote?"

"Vyote, mzee. Sijabakiza kitu."

Ukumbi ukapiga makofi, Paskalina akapiga kuliko wote. Lakini Vishal alikuwa amebakiza ufunguo mmoja, aliouunda wiki ile ya kwanza kabisa alipokuwa peke yake, na ambao hakuna mwingine aliyeujua. Alijiambia ni wa dharura. Hakuwa na nia mbaya nao. Alishindwa tu kuutoa.

Walimu walimchagua Paskalina kuwa mwenyekiti. Jioni, walipokuwa wanateremka kuelekea Ipogolo, alimshika mkono.

"Mzigo umeutua. Unamwambia lini mama?"

"Sikukuu ya Diwali ipite."

Diwali ikapita. Vishal akasema mwezi wa kwanza duka lina msimu wa shule, mama hapumui. Msimu ukapita. Akasema mama ana presha. Paskalina akaacha kuuliza, na Vishal, masikini, akadhani ameelewa.

Mwezi wa tatu kamati ilikaa. Walimu wengi wa vijijini walikuwa na kompyuta za zamani, zilizotolewa ofisini baada ya kuchoka, na Sauti Nne ilikuwa imegoma kufunguka kwao. Jailos alichunguza akaona kinacholemea ni sauti iliyorekodiwa.

"Tukiitoa tukaweka mlio mwepesi wa kinanda, inafunguka hata kwenye kompyuta ya mzee Aroni," alisema, kisha akaona haya. "Samahani, mwenyekiti. Najua ni sauti yako."

Wote walimwangalia Paskalina. Alikumbuka jinsi alivyoisikia kule Kilolo, mzee Aroni akiibonyeza kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya kuazima: do, re, mi. Ilikuwa sauti ya msichana mwenye furaha, aliyevaa hereni za kuazima, dakika moja kabla hajaitwa mteja.

"Itolewe," alisema. "Programu ni ya watu waitumie."

Jailos akaitoa, na kwa kuwa alikuwa humo ndani, akabadilisha na namna ya kuhifadhi nyimbo, ili zisichukue nafasi kubwa.

Vishal alifungua programu dukani kwao, akabonyeza nota, akasikia kinanda. Akabonyeza tena. Alitoka nje akapiga simu, na Paskalina akaipokea kwenye uwanja wa shule, watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Mmeitoa sauti yako."

"Ndiyo. Ilikuwa inalemea kompyuta za watu."

"Na wewe ulikubali?"

"Mimi ndiye niliyesema itolewe."

"Paska! Ile niliiweka kwa ajili yako. Ile ndiyo... Ni Jailos aliyekushauri? Siku hizi naona Jailos ndiye mwenye maneno."

"Usimwingize Jailos. Jailos ana mke na mapacha."

"Basi niambie kwa nini. Kitu changu cha pekee nilichokufanyia, umekifuta bila hata kuniuliza!"

Paskalina alisogea mbali na watoto. Alipozungumza, sauti ilikuwa chini sana.

"Vishal, sauti yangu uliiweka kwenye kompyuta za watu wa mikoa minne. Jina langu umeshindwa kuliweka kwenye simu yako. Hilo nalo niulize?"

Alisubiri. Vishal angesema neno moja tu, huenda mambo yangekwenda kwingine. Lakini Vishal alikuwa anaona dukani, kupitia mlango uliokuwa wazi, mama yake akihesabu penseli, na alichosema ni hiki:

"Tusichanganye mambo. Naongelea programu."

Paskalina akakata simu.

Alasiri hiyo Vishal aliutoa ufunguo wake. Aliingia ghalani akairudisha Sauti Nne kama ilivyokuwa siku aliyoikabidhi, sauti ya Paskalina ikiwa mahali pake. Aliibonyeza do, akaisikia, akatulia. Hakujua, kwa sababu hakuuliza, kwamba nyimbo zote zilizoandikwa tangu Jailos afanye mabadiliko zisingeweza kufunguka tena.

Ilikuwa wiki ya Pasaka.

Kundi la watumiaji liliwaka moto. Mwalimu wa Njombe hakuona wimbo wake wa Ijumaa Kuu. Mwalimu wa Mbarali alikuwa na kwaya imesimama mbele yake, karatasi hakuna. Mzee Aroni alikaa kwenye benchi la kanisa na kalamu, akijaribu kukumbuka wimbo alioutunga kwa ajili ya mazishi ya mkewe na ambao aliuandika majuzi kwenye kompyuta tu. Besi aliikumbuka, alto ilimpotea. Jailos alifanya kazi mfululizo akarudisha nyimbo nyingi. Ule wa mzee Aroni haukurudi wote.

Jailos akatazama ghalani nani aliyeingia, akakuta jina la Vishal.

Mzee Aroni alimpigia Paskalina mwenyewe.

"Kamwene, binti yangu," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, baba."

"Nisamehe kwa nitakalolisema. Watu wanasema yule kijana ni mchumba wako, na kwamba ufunguo umempa wewe. Mimi siamini. Lakini nataka nikuulize, ili nikiulizwa nijibu."

"Sikumpa, baba. Sikujua anao."

"Basi imetosha," mzee alisema. Lakini alivyosema *imetosha*, Paskalina alisikia kwamba kwa wengine haitatosha.

Akampigia Vishal. Hakukasirika kwa sauti, na hilo lilimtisha Vishal zaidi.

"Ulisema hujabakiza kitu. Nilikuwa nimesimama pembeni yako."

"Ni ufunguo mmoja tu, Paska. Nilitaka kuirudisha sauti yako. Sikujua itavunja nyimbo za watu."

"Ungeuliza ungejua."

"Ile programu nimeizaa mimi! Nimeamka usiku kwa ajili yake, sijawahi kuwadai hata asante. Siwezi kurekebisha kitu kimoja?"

"Ulitukabidhi."

"Nilikukabidhi *wewe*. Nilijua utaitunza kama yangu."

"Kumbe ndivyo ulivyojua." Alifungua kompyuta yake. "Mimi ni mwenyekiti wao, Vishal. Leo nafunga huo ufunguo na nawaandikia watu ukweli. Usinipigie tena mpaka nikupigie."

Aliandika ujumbe mfupi kwenye kundi: nani aliingia, alifanya nini, na kwamba yeye hakujua. Walimu wengi walimshukuru. Baadhi walinyamaza, na kunyamaza kwao alikutana nako kila alipoingia mkutanoni, macho yanayomtazama na kukwepa. Aliendelea na kazi. Hakumpigia Vishal.

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, mama Indira alikuwa anapanga daftari kwenye rafu. Hakugeuka alipouliza.

"Kwaya Iringa mbona hapigi simu siku hizi?"

Vishal aliinua uso. "Nini, mama?"

"Alikuwa anapiga kila siku. Unatoka nje kuongea, unarudi unacheka na ukuta. Unafikiri mimi mzee sana?"

Kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakuwa na cha kupoteza, Vishal alisema yote. Alisema jina lake, alisema anatoka wapi, ni dini gani, ni miaka mingapi. Mama Indira alisikiliza huku amekumbatia daftari. Macho yakamjaa maji.

"Mimi nilitaka binti wa kwetu," alisema. "Sikufichi. Nitalia wiki mbili, halafu nitanyamaza. Ungeniacha nilie wakati ule, saa hizi ningekuwa nimeshanyamaza zamani. Sasa ona, mimi nalia na yeye hapigi simu." Akajifuta kwa ncha ya shali. "Nenda kamlete. Nitakuja kumpokea stendi mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Vishal alishuka Ipogolo mchana, ndevu hazijachongwa, begani ana mfuko wa zawadi kwa baba mkwe ambaye hajawahi kumwona. Alisubiri nje ya kanisa mpaka mazoezi ya kwaya yakaisha. Paskalina alitoka wa mwisho, amejifunga mtandio wa sufu wa rangi ya zambarau, amekonda. Alipomwona alisimama. Wanakwaya wakatangulia bila kuambiwa.

"Nimeshakwenda kwa mzee Aroni," Vishal alisema. "Nimempigia magoti. Kanisamehe."

"Aliniambia unakuja."

"Na mama nimemwambia."

Paskalina alishika ukingo wa mtandio. "Lini?"

"Jumapili iliyopita."

"Jumapili iliyopita," alirudia, kama anayejifunza neno geni.

"Amekubali, Paska. Leo atakuwa stendi Mbeya, anakusubiri. Twende nyumbani kwenu kwanza, nimsalimie baba, nile huo ugali. Nioe. Yaani, nikuoe. Nimechanganyikiwa. Nakuomba uwe mke wangu."

Alicheka kidogo, hakuweza kujizuia, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Unajua habari hii ningeikimbilia pekupeku? Mwaka juzi, mwaka jana, hata Diwali ile. Ningekimbia mpaka Mbeya."

"Kimbia sasa."

"Siwezi." Alijifuta. "Watu waliniangalia kama mwizi, Vishal. Nikasimama mbele yao nikasema sikujua. Nilikuwa nasema kweli, na hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo. Miaka yote ile nalala na sauti yako sikioni, nakujua unavyokohoa, nakujua unavyodanganya umekula, na hilo sikulijua. Nikija kwenu, nitajuaje umebakiza nini kingine?"

"Sijabakiza kitu. Naapa."

"Ulisema hivyo ukumbini pia."

Lori lilipita barabarani likitetemesha madirisha ya kanisa.

"Huna mpenzi mwingine?" Vishal aliuliza, kwa sauti ya mtoto.

"Sina. Ingekuwa rahisi kama ningekuwa naye." Alimshika shavu, pale penye ndevu zilizoota ovyo. "Nakupenda bado, mpumbavu wewe. Nenda, basi lako litakuacha."

Alimsindikiza mpaka barabarani. Basi liliposimama, alimpandishia ule mfuko wa zawadi, akaurudisha mapajani mwa Vishal alipotaka kumwachia. Alisimama pale kando ya lami, mikono imefumbwa ndani ya mtandio, mpaka basi likaanza kuondoka. Hapo akageuka akaelekea nyumbani kwa hatua za haraka, kwa sababu alijua akichelewa kugeuka atapanda.

Basi liliingia Mbeya usiku. Mama Indira alikuwa karibu na lango la stendi, amevaa sari ya rangi ya chungwa ambayo Vishal hakuwahi kuiona, mkononi mfuko wenye shada la maua meupe la kumvisha mgeni. Baridi ilikuwa kali, ila alikuwa amelivua shali ili sari ionekane. Alimtazama kila mwanamke aliyeshuka: mwenye mtoto mgongoni, mwenye ndoo, wasichana wawili wa chuo. Alimtabasamia kila mmoja kidogo, kisha akaachia tabasamu lile.

Vishal alishuka wa mwisho.

"Yuko wapi?"

"Hakuja, mama."

Mama Indira hakuonekana kusikia. Alikuwa bado anachungulia mlangoni mwa basi, ameinuka juu ya vidole vya miguu.

"Anafananaje?" aliuliza. "Nimemwangalia kila mtu, sijui nimtafute nani. Hata ningekutana naye nisingemjua."

Vishal alianza kumweleza. Alitaja urefu wake, akataja macho, akafika kwenye namna anavyofunika uso kwa viganja akitaniwa, na hapo maneno yakamwishia. Mama yake akaitikia kwa kichwa taratibu, huku akiendelea kumtafuta, mpaka kondakta alipofunga mlango.